Kuvua Trauti kwa Ndoano: Mjue Samaki, Utunze Mto

Watu wawili huenda mto mmoja, siku moja, na ufito wa kuvulia wa namna moja. Jioni mmoja hurudi na samaki watatu, na mwingine hurudi na kikapu kitupu. Huyu wa pili husema, "Mwenzangu ana bahati." Lakini wiki ifuatayo mambo huwa ni yale yale, na wiki ya tatu pia. Bahati ya namna hiyo si bahati. Ni maarifa, na maarifa hufundishika. Wahenga walisema mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo, na neno hilo la pwani ni kweli vile vile huku milimani.

Makala hii ni kwa mtu apendaye kuvua ili kujifurahisha na kupata kitoweo siku moja moja. Tutamzungumzia trauti, samaki wa mito baridi ya Mlima Kenya, Nyandarua na Mlima Elgon. Tutaeleza namna ya kumpata, na mwishoni tutaeleza jambo ambalo wavuvi wengi hulisahau: ni nani hasa aamuaye kama samaki huyu atakuwapo mtoni au hatakuwapo.

Alikotoka trauti

Trauti si mwenyeji wa Kenya. Mwaka 1905 mayai ya trauti wa kahawia yaliletwa kutoka Scotland, na samaki waliotoka humo wakatiwa katika mto Gura, kwenye milima ya Nyandarua. Mwaka 1910 aliletwa ndugu yake kutoka Afrika Kusini, yule mwenye mstari wa rangi ya waridi ubavuni, aitwaye trauti wa upinde wa mvua. Mwaka 1948 serikali ilianzisha kituo cha kuzalisha samaki wa maji baridi huko Kiganjo, karibu na Nyeri. Siku hizi trauti hupatikana katika mito kama Gura, Chania, Sagana, Thiba na Burguret, hasa sehemu za juu.

Kwa nini sehemu za juu? Kwa sababu trauti hupenda maji ya baridi yenye hewa nyingi ndani yake. Hustawi katika maji ya nyuzi 10 hadi 16 za sentigredi. Yakipita nyuzi 20 huacha kula vizuri, na yakifika karibu nyuzi 25 hufa. Maji yanayoruka juu ya mawe huchukua hewa, na maji yaliyo chini ya kivuli cha miti hukaa baridi. Basi ukitafuta trauti, tafuta kwanza mawe na kivuli.

Akaapo na alacho

Trauti huelekeza kichwa mkondo utokako, akingoja chakula kiletwe na maji. Lakini hataki kupoteza nguvu zake kwa kushindana na mkondo mchana kutwa. Kwa hiyo huchagua mahali ambapo maji ya pole yamepakana na maji ya kasi. Yeye hukaa penye pole, na chakula hupita mbele yake penye kasi. Mahali hapo ni nyuma ya jiwe kubwa, chini ya maporomoko madogo, au ukingoni palipochimbika chini ya mizizi ya mti. Kabla hujatupa ndoano, simama dakika kumi ukitazama maji tu. Dakika hizo kumi ni bora kuliko saa mbili za kutupa ovyo.

Sasa jua alacho. Inua jiwe kutoka mtoni ulitazame upande wa chini. Utaona wadudu wadogo wakitambaa, na wengine wamejijengea vijumba vya mchanga na vijiti. Hao ndio ugali wake wa kila siku. Tena hula kaa wa mtoni, na panzi na siafu waangukao kutoka majanini, na kumbikumbi wanaporuka baada ya mvua. Wavuvi wa trauti hutumia ndoano ndogo iliyofungwa manyoya na nyuzi ili ifanane na wadudu hao. Chagua mdudu wa manyoya aliye na ukubwa na rangi ya wale uliowaona chini ya jiwe. Ukikosea rangi kidogo si neno, lakini ukikosea ukubwa trauti atakukataa. Na ukimpata samaki wa kwanza, mpasue utumbo uone amekula nini. Yeye mwenyewe atakuambia utumie nini kwa wa pili.

Usionekane, usisikike

Watu wengi humfukuza samaki kabla ya kutupa ndoano, nao hawana habari. Trauti huona vitu vya juu ya maji kwa sababu nuru ikiingia majini hupinda. Kitu kilicho juu sana hukiona wazi, na kilicho chini karibu na usawa wa maji hukiona kwa shida. Hesabu yake yaweza kukumbukwa hivi: ukiwa mita 10 kutoka kwake, mtu wa kimo cha kawaida aliyesimama sawa na usawa wa maji haonekani vizuri. Ukiwa mita 5, chutama usizidi kimo cha kiuno. Na ukisimama juu ya ukingo ulioinuka, ni kama umepanda jukwaani ili akutazame.

Kadhalika, trauti ana mstari ubavuni ambao kwa huo huhisi mtikisiko wa maji. Maneno yenu mkizungumza kwa sauti ya kawaida hayamsumbui sana, lakini kishindo cha mabuti ukingoni humkimbiza. Tembea polepole. Vaa nguo zenye rangi ya majani au ya udongo, wala si nyeupe. Jihadhari kivuli chako kisianguke majini.

Vua ukipanda mto, wala si ukishuka. Ukipanda, unamjia samaki kwa nyuma, kwa kuwa macho yake yatazama mbele. Tena matope unayoyatibua kwa miguu huchukuliwa nyuma yako, hayamfikii. Saa njema ni asubuhi mapema na jioni jua linapopungua. Siku ya mawingu mepesi ni njema mchana kutwa. Mto ukijaa maji ya udongo baada ya mvua kubwa, kaa nyumbani, maana samaki haoni chambo chako.

Kutupa mshipi

Kutupa mshipi si kazi ya nguvu, ni kazi ya kungoja. Inua ufito kwa upesi hadi usimame wima, kisha usimamishe hapo. Ngoja mshipi ujinyoshe wote nyuma yako. Ndipo uusukume ufito mbele, na kuusimamisha tena kabla haujashuka sana. Kosa la wanaoanza ni kusukuma mbele wakati mshipi bado umekunjamana nyuma. Hapo hulia kama mjeledi na kuanguka majini kama kamba ya kufungia ng'ombe.

Jifunze nyumbani kwanza, kwenye malisho. Ondoa ndoano, funga kipande cha sufi mahali pake, na uweke sufuria mita 8 mbele yako. Jizoeze robo saa kila jioni mpaka sufi iangukie ndani ya sufuria mara saba katika kumi. Ukifika hapo, nenda mtoni.

Mdudu wako wa manyoya akishaanguka majini, mwache aende kwa mwendo wa maji yenyewe. Mshipi ukimvuta akaenda mbio kuliko povu lililo karibu naye, trauti hujua kuna jambo. Mshipi ukisita ghafula, au ukiona mng'ao chini ya maji, inua ufito bila kukawia, lakini usinyakue kwa nguvu. Samaki akikimbia, mwache achukue mshipi. Akilegea, mvute. Ufito na ukae umeinuka wakati wote, ili kupinda kwake kupunguze mshtuko usikate mshipi.

Yupi wa kuchukua, yupi wa kurudisha

Mvuvi mwema hajui kuhesabu samaki tu, ajua na kuwachagua. Trauti mdogo uliyemla leo hakupata kuzaa hata mara moja. Basi chukua wale wa kukutosha jikoni, na wadogo uwarudishe. Kwa kazi hiyo, bana jino la ndoano kwa koleo kabla ya kuanza, ili itoke kwa urahisi. Lowesha mikono kabla ya kumshika, kwa maana mkono mkavu humtoa utelezi unaomkinga na maradhi. Usimkamue tumboni, wala usimtupe majini kama jiwe. Mshike kichwa kikielekea mkondo mpaka aondoke mwenyewe. Kama wataka kipimo cha muda, zuia pumzi yako unapomtoa majini. Ukiona wewe wataka kuvuta hewa, yeye pia yataka arudi. Yule umchukuaye muue mara moja kwa pigo moja kichwani, mtoe matumbo, na umfunike kwa majani mabichi yaliyolowa.

Kabla ya kwenda, pata kibali. Uliza ofisi ya samaki ya kaunti yako bei ya kibali, kipimo cha samaki unaoruhusiwa kuchukua na namna ya chambo kinachokubaliwa katika mto huo. Ukienda ndani ya msitu au mbuga, pata ruhusa ya wenye kuilinda na ufuatane na mtu aijuaye njia, kwa sababu ya nyati na ndovu. Tena mvua ya huko juu yaweza kujaza mto kwa ghafula hali kwako jua linawaka. Maji yakianza kubadilika rangi na kubeba majani, toka mtoni. Kuvua kwa sumu au baruti kumekatazwa na sheria, nako huua mayai, vifaranga na wadudu pamoja na samaki.

Mto huanzia shambani

Sasa tufikie lile jambo tulilolitaja mwanzoni. Ufito mzuri na mkono uliozoea havina faida katika mto usio na samaki. Na mara nyingi si mvuvi awamalizaye trauti. Ni shamba.

Tazama azaavyo. Jike huchimba shimo katika changarawe safi kwa mkia wake, hutaga mayai humo, kisha huyafunika. Katika maji ya nyuzi 10, mayai ya trauti wa kahawia hukaa yapata siku 40 kabla ya kuanguliwa. Siku zote hizo huhitaji maji yapite katikati ya mawe madogo yakiyaletea hewa. Udongo ukishuka kutoka shambani, hujaza nafasi zile kama saruji, na mayai hufa bila mtu kuona. Mvuvi wa mwaka ujao atakuja kusema, "Samaki wamehama." Hawakuhama. Hawakuzaliwa.

Kwa hiyo usilime mpaka kwenye maji. Kanuni za maji za Kenya za mwaka 2007 ziliweka ukanda wa kuachwa kando ya mto usiopungua mita 6, nao waweza kufika mita 30 kila upande kwa kadiri ya upana wa mto. Muulize ofisa wa maji wa kwenu ukanda wa shamba lako ni upi. Majani na miti ya kienyeji katika ukanda huo hufanya kazi tatu kwa wakati mmoja: huzuia udongo, huyapa maji kivuli yakae baridi, na huangusha panzi na wadudu ambao ni chakula cha samaki. Juu ya ukanda, kwenye mteremko, chimba matuta ya kuzuia udongo na upande matete ya ng'ombe. Udongo unaozuiwa hapo ni ule ule wa kukuzalishia viazi na mahindi.

La pili ni dawa. Dawa nyingi za kuogeshea ng'ombe na za kunyunyizia mimea ni za jamii ya pareto. Ng'ombe huzivumilia, lakini samaki na wadudu wa majini hufa kwa kiasi kidogo sana. Usisafishe bomba la dawa mtoni, wala usitupe humo makopo matupu. Usimwage mtoni maji ya josho. Nywesheni ng'ombe kwenye birika au mahali pamoja palipotengenezwa kwa mawe, ili kwato zisibomoe ukingo wote.

Mwenye kuyatunza haya hupata mto wa kuvua, na maji safi ya nyumbani, na udongo unaobaki mahali pake. Tena wageni wapendao trauti hutafuta mto ulio hai, nao huhitaji mtu wa kuwaonyesha njia, chakula na mahali pa kulala. Fedha hizo zaweza kubaki kijijini.

Basi, mvua kubwa ijayo ikikoma, shuka ukatazame mto wa kwenu. Ukiona maji yamegeuka mekundu, jua ya kwamba wekundu ule ni udongo wa shamba la mtu. Fuata ukingo ukipanda mpaka uone unakoingilia. Kama ni kwa jirani, zungumzeni kwa wema. Kama ni kwako, jembe unalo, na kazi ianze kesho.