Ó na Mac: Majina ya Koo za Ayalandi

Majina ya ukoo ya Ayalandi ni miongoni mwa majina ya kurithi ya kale kabisa barani Ulaya. Kumbukumbu za miaka zilizoandikwa na watawa zinataja kifo cha Tigherneach Ua Cléirigh, mtawala wa Aidhne katika eneo ambalo leo ni kaunti ya Galway, mwaka 916. Jina lake ndilo linalotajwa kwa kawaida kuwa jina la ukoo la mwanzo kuandikwa nchini humo, wakati ambapo Waingereza wengi walikuwa bado wakijulikana kwa jina moja tu.

Kabla ya hapo Mwayalandi alitambulishwa kwa jina lake, la baba yake na pengine la babu yake, na juu ya hayo kwa jina la kundi kubwa alimozaliwa: Dál gCais, Eóganachta, Uí Néill. Sheria ya kale ya nchi ilihesabu undugu kwa vizazi vinne. Wote waliotokana na baba wa babu mmoja waliitwa derbfine, na ndani ya mzunguko huo ndimo zilimopatikana haki ya ardhi na haki ya kugombea kiti cha mfalme. Aliyeweza kumtaja babu yake mbele ya wazee alikuwa ameshataja nusu ya haki zake. Ua, ambayo baadaye ilifupika kuwa Ó, maana yake ni mjukuu, na kisha mzao yeyote. Mac ni mwana, sawa na bin ya Waswahili. Lakini bin hubadilika kila kizazi kinapozaliwa, na Mac iliganda. Baada ya miaka mia moja au mia mbili, mwenye Mac hakuwa tena mwana wa aliyetajwa, wala mwenye Ó hakuwa mjukuu. Wote walikuwa wa ukoo wake tu.

Hadithi inayopendwa sana husema mfalme Brian Boru, aliyeuawa katika vita vya Clontarf mwaka 1014, ndiye aliyeamuru kila familia ichukue jina. Amri hiyo haikuwahi kuwapo. Majina yalienea taratibu katika karne ya 10 na ya 11, yakianza na koo za watawala, na Brian mwenyewe hakuwa na jina la ukoo: walioitwa Ó Briain ni wazao wake. Ukoo wa Ó Néill nao husingiziwa kwamba jina lake linatokana na Niall wa Mateka Tisa, mfalme wa kale mwenye hadithi nyingi kuliko ushahidi. Niall wa jina hilo ni mwingine, Niall Glúndub, aliyeuawa mwaka 919 akipigana na Waviking karibu na Dublin. Wauza nasaba humpendelea yule wa kwanza kwa sababu ukongwe wake huuzika.

Majina mengi hutaja jina la babu tu, lakini yapo yanayotaja kazi, na hayo hueleza jamii ile kuliko vitabu vingi. Mac an Ghabhann ni mwana wa mhunzi. Mac an tSaoir, wa seremala. Mac an Bhaird, wa malenga. Ó hÍcidhe ni mzao wa tabibu. Kazi za elimu zilirithiwa kama ardhi. Koo za Mac Aodhagáin zilitoa mahakimu kizazi baada ya kizazi. Ukoo wa Ó Cléirigh ulipoteza utawala wake Galway, ukahamia Donegal na kuwa wanahistoria wa mabwana wa O'Donnell; kutoka humo alitokea Mícheál Ó Cléirigh, aliyeongoza uandishi wa Kumbukumbu za Mabingwa Wanne kati ya mwaka 1632 na 1636. Dubhaltach Mac Fhirbhisigh, wa ukoo mwingine wa wanahistoria, alikusanya kitabu kikubwa cha nasaba mjini Galway mwaka 1649 na 1650, wakati majeshi ya Mwingereza Oliver Cromwell yakiiteketeza nchi. Bila kazi ya watu hao, nasaba nyingi zingebaki uvumi.

Waviking waliacha majina machache, kama Mac Amhlaoibh, mwana wa Olaf. Wanormani waliofika mwaka 1169 walileta Fitz, yaani mwana, na baada ya muda baadhi yao wakawa Waayalandi hata kwa majina. Fitzpatrick peke yake inapotosha: ni Mac Giolla Phádraig, jina la Kigaeli, lugha ya asili ya Ayalandi, lililovikwa joho la Kinormani.

Mila ambayo wageni huielewa kwa shida zaidi ni ile ya majina ya wanawake. Katika Kigaeli mwanamke habebi Ó wala Mac, kwa kuwa hawezi kuitwa mjukuu wa kiume wala mwana wa kiume. Binti wa Ó Briain ni Ní Bhriain; binti wa Mac Cárthaigh ni Nic Cárthaigh. Jina hilo ni lake tangu kuzaliwa. Akiolewa anaweza kutajwa kwa jina la mumewe, kama Bean Uí Bhriain, mke wa Ó Briain, lakini kwa desturi ya zamani ndoa haikufuta jina la baba yake. Gráinne Ní Mháille, mtawala wa baharini wa pwani ya magharibi, aliolewa mara mbili, na mwaka 1593 alikwenda kuonana na malkia Elizabeth wa Kwanza. Historia inamjua kwa jina la baba yake. Eibhlín Dubh Ní Chonaill alimtungia mumewe, Art Ó Laoghaire aliyeuawa mwaka 1773, ombolezo linalohesabiwa kati ya tungo kuu za Kigaeli, lakini ndoa haikumfanya awe Ó Laoghaire. Mwimbaji Enya anaitwa Eithne Ní Bhraonáin, na kaka zake ni Ó Braonáin. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki aliyezoea bin na binti haoni ajabu hapo. Makarani wa Kiingereza waliona ajabu, na katika madaftari yao binti, mke na kaka wote walitiwa katika umbo moja, la kiume. Hasara hiyo haitajwi sana, ingawa iliwagusa nusu ya watu wa nchi.

Utawala wa Kiingereza ulianza kuyaandama majina mapema. Sheria za Kilkenny za mwaka 1366 ziliwakataza walowezi kutumia majina ya Kigaeli. Sheria ya mwaka 1465 iliwaagiza Waayalandi waliokaa maeneo ya kuzunguka Dublin wachukue majina ya Kiingereza: ya mji, kama Sutton au Trim, ya rangi, kama White au Brown, ya kazi, kama Smith, au ya cheo, kama Butler. Utekelezaji ulikuwa dhaifu. Kilichovunja majina kweli ni karne ya 17, pale mabwana wa Kigaeli wa kaskazini walipokimbilia bara la Ulaya mwaka 1607 na ardhi za Wakatoliki kunyang'anywa baada ya vita vya Cromwell. Malenga na wanahistoria wakakosa wa kuwalipa, na jina lenye Ó likawa mzigo kwa mtu anayetafuta kibarua au mkataba wa shamba.

Watu wakaanza kudondosha vitangulizi. Ó Súilleabháin akawa Sullivan, Ó Ceallaigh akawa Kelly. Mara nyingine kitangulizi kiliacha alama: H ya Hickey, Hogan na Healy ni sauti iliyoletwa na Ó, ikabaki Ó yenyewe ilipoondoka. Kutoka Mac Aodhagáin yalitokea Egan na Keegan, hilo la pili likishikilia mkia wa Mac, kiasi kwamba watu wa asili moja wanaweza leo kudhani hawana udugu.

Palipokosekana sauti ya kufuata, karani alitafsiri, na mara nyingi alikosea. Mac Conraoi aligeuzwa King kwa sababu mwisho wa jina unasikika kama neno la Kigaeli la mfalme. Mac Conshnámha wa Leitrim akawa Forde, yaani kivuko cha mto, kwa kosa la aina hiyohiyo la sikio. Ó Draighneáin akawa Thornton, jina lenye sura ya kijiji cha Kiingereza. Majina adimu yalimezwa na yanayofanana nayo: Ó Maoilsheachlainn, ukoo wa wafalme wa Meath, uliishia McLoughlin, jina la watu wengine kabisa. Kwa ukoo uliowahi kukalia Tara, kiti cha wafalme wakuu wa Ayalandi, huo ni mwisho mchungu.

Ufufuo ulikuja na Conradh na Gaeilge, chama cha lugha kilichoanzishwa mwaka 1893. Kwa hesabu ya mwanazuoni Edward MacLysaght, mwaka 1866 asilimia 4 tu ya akina Sullivan walioandikishwa walikuwa na Ó. Mwaka 1944 walifika asilimia 60. MacLysaght mwenyewe alizaliwa Lysaght. Marejesho hayo hayakukosa makosa: watu wa Mac Gormáin wengi walirudi wakiwa O'Gorman, kitangulizi ambacho hakikuwa chao.

Ritifaa inayofuata O, mfano wa ile ya ng'ombe, haimo katika Kigaeli. Ni mkwaju wa juu wa Ó uliosomwa vibaya na waandishi wa Kiingereza. Wanaodai Mc ni ya Ayalandi na Mac ni ya Uskoti hawana msingi, maana Mc ni ufupisho tu. Wala Murphy mmoja si lazima awe ndugu wa Murphy mwingine: jina hilo lilizuka mahali mbalimbali, na Robert Matheson, aliyefanya kazi katika ofisi ya usajili, alikadiria wenye jina hilo mwaka 1890 kuwa 62,600, wa kwanza kwa wingi nchini. Nembo za ukoo zinazouzwa kwa watalii nazo ni biashara. Kisheria nembo hupewa mtu na warithi wake.

Wahamiaji waliokimbia njaa kuu ya mwaka 1845 hadi 1852 walibeba majina yaliyokwisha kukatwa nyumbani. Lawama kwamba yalikatwa na makarani wa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji cha New York, haina ukweli: kituo hicho kilifunguliwa mwaka 1892, na makarani wake walifuata orodha zilizokuja na meli. Mmoja wa wahamiaji wa njaa hiyo, Falmouth Kearney, aliondoka kijiji cha Moneygall mwaka 1850, na mzao wake kwa upande wa mama ni Barack Obama. Alipozuru Ayalandi mwaka 2011, Obama alitania kwamba amekuja kutafuta ritifaa iliyopotea katika jina lake. O ya Obama ni ya Wajaluo, ambao wanaume wao huitwa Otieno na Odhiambo na wanawake Atieno na Adhiambo. Lakini Kearney kweli alipoteza Ó yake.

Katika maeneo ambako Kigaeli bado kinasemwa, jina la sajili halitoshi. Panapojaa akina Gallagher kijiji kizima, mtu huitwa kwa mlolongo wa baba na babu, kama Séamas Eoghain Mhicí, yaani Séamas wa Eoghan wa Micí, na aliyelelewa na mama mjane anaweza kubeba jina la mama. Tipperary, ambako Ryan ni wengi mno, kila tawi lina lakabu yake inayotajwa baada ya jina. Lakabu hizo hazirithiwi tena kama zamani, kwani vijana huhamia Dublin, ambako Ryan mmoja hamhitaji jirani wa kumtofautisha na mwingine.