Watoto Wetu Ndani ya Teksi za Miji ya Jirani



Kila mwaka familia nyingi za Kitanzania huvuka mipaka ya Namanga, Sirari, Mutukula na Rusumo kwenda katika miji mikubwa ya nchi jirani. Wapo wanaofuata matibabu, wapo wanaokwenda kuwaona jamaa, na wapo wanaomfuata mzazi aliyepelekwa masomoni. Miongoni mwao zimo familia za wanajeshi na za polisi. Safari ndefu ya basi, kutoka Arusha hadi Nairobi au kutoka Bukoba hadi Kampala, hufikiriwa kwa makini: huchaguliwa basi zuri, hukaguliwa hati, huandaliwa chakula cha watoto. Lakini familia inapofika stendi uangalifu wote huo huisha. Huitwa teksi, mizigo ikapakiwa haraka, mama akakaa kiti cha mbele na mtoto mchanga mapajani, watoto wawili wakasimama nyuma katikati ya viti ili wapate kuutazama mji, na baba akamwambia dereva, "Haya, twende." Kipande hicho kifupi cha safari ndicho tunachotaka kukieleza leo, kwa sababu ndicho kinachofanywa bila maandalizi yoyote.

Shirika la Afya Duniani limekwisha kueleza kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza katika kuua watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Mzazi anayempakata mwanawe hudhani kuwa mikono yake ni kinga ya kutosha. Hebu tuipime dhana hiyo kwa hesabu. Gari likienda kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kisha likagonga kitu na kusimama katika nafasi ya nusu mita tu, mtoto mwenye uzito wa kilo 10 husukumwa mbele kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 200 hivi. Hakuna mtu awezaye kuuzuia mzigo huo kwa mikono, wala haidhuru amefanya mazoezi ya namna gani. Askari aliyezoea kubeba silaha nzito naye hataweza, kwani jambo lenyewe hutokea kabla hajawahi hata kukaza misuli. Pigo la mwendo huo ni sawa na la kuanguka kutoka mahali penye urefu wa mita 10 hivi. Mzazi ambaye hawezi kumruhusu mwanawe acheze juu ya paa la nyumba ya ghorofa tatu, humwacha asimame katikati ya viti vya teksi bila wasiwasi.

Wako watakaosema kwamba katika miji hiyo msongamano ni mkubwa, na teksi hutambaa tu. Maneno hayo yalikuwa na ukweli zaidi zamani kuliko sasa. Mwaka 2018 Uganda ilifungua barabara ya mwendo wa kasi kati ya Kampala na Entebbe. Mwaka 2022 Kenya ilifungua ile ya Nairobi yenye urefu wa kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands, ambayo sehemu yake hupita juu ya nguzo. Teksi inayotoka uwanja wa ndege sasa yaweza kuingia katika barabara ya namna hiyo baada ya dakika chache. Hapana budi tukumbuke kwamba nguvu ya pigo haiongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukiongezwa mara mbili, kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, nguvu ya pigo huongezeka mara nne. Barabara nzuri hufupisha safari, lakini haipunguzi ukali wa ajali.

Jambo la kwanza ambalo msafiri anapaswa kulifahamu ni majina, maana neno moja halina maana moja kila mahali. Huko Kampala mtu akisema "taksi" huwa ana maana ya basi dogo la abiria 14, lile ambalo Nairobi huitwa matatu na kwetu huitwa daladala. Gari dogo la kukodi peke yako, ambalo sisi huliita teksi, wenyeji wa Kampala huliita "speso haya". Mgeni mwenye watoto asiyejua tofauti hiyo huweza kuomba taksi akajikuta amebanwa ndani ya basi dogo, mtoto mmoja yuko mbele na mwingine yuko nyuma. Huko Kigali pikipiki za abiria ni nyingi na zina utaratibu wake: hubeba abiria mmoja tu, naye huvalishwa kofia ya kujikinga. Kwa hiyo familia yenye watoto wadogo haina njia ila kutafuta gari. Zaidi ya hayo, nchini Rwanda, Burundi na Kongo magari hupita upande wa kulia wa barabara, wakati sisi, Wakenya na Waganda tunapita kushoto. Mtoto aliyezoea kushukia mlango wa kushoto hapa kwetu, akiufungua huo huo mjini Kigali au Bujumbura, atakanyaga katikati ya njia ya magari. Mzazi hana budi kulijua jambo hili kabla ya kuvuka mpaka, na kuwaeleza watoto wake.

Jambo la pili ni kulijua gari na dereva wake. Katika miji ya Nairobi na Kampala teksi za kuitwa kwa programu za simu zimeenea. Kampuni ya Uber ilianza kazi Nairobi mwaka 2015 na Kampala mwaka 2016, na nyingine zikafuata. Faida yake ni kwamba namba ya gari, jina na picha ya dereva huonekana kabla gari halijafika, na safari yote huweza kufuatwa na ndugu aliye mbali. Lakini faida hiyo hupotea ikiwa mzazi hasomi namba ya gari lililosimama mbele yake. Msimwambie dereva, "Wewe ndiwe uliyekuja kumchukua Fulani?" kwani kila mtu aweza kujibu ndiyo. Mwulizeni, "Umekuja kumchukua nani?" Mwenye kuijua kazi yake atalitaja jina. Askari yeyote aliyewahi kulinda lango ataitambua kanuni hii mara moja: mlinzi hamtajii mgeni neno la siri, bali humtaka mgeni alitaje mwenyewe. Kama teksi imetoka katika kituo cha mtaani, iandikeni namba yake na kumpelekea ndugu ujumbe kabla ya kuondoka. Patanani nauli mapema, na kukubaliana kwamba dereva hatapakia mtu mwingine njiani.

Jambo la tatu, ambalo ndilo kiini cha mazungumzo haya, ni namna ya kumkalisha mtoto. Mahali pa mtoto ni kiti cha nyuma. Mtoto mchanga salama yake ni kiti maalumu cha gari kinachomwelekeza nyuma, kilichofungwa imara kwa mkanda wa gari. Kiti cha namna hiyo kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi, kwa sababu mfuko huo hufumuka kwa nguvu na unaweza kumwua. Mtoto aliyekua zaidi hutumia kiti cha kumkalisha juu, mpaka afikie urefu wa sentimita 135 hivi. Teksi nyingi hazina viti hivyo, na kwa hiyo familia inayoweza hupaswa kusafiri na kiti chake yenyewe. Ni mzigo wa ziada, hatukatai, lakini wengi wetu huvuka mpaka na mizigo ya zawadi iliyo mizito kuliko kiti hicho.

Ikiwa kiti hakipo, basi hatari ipunguzwe, ingawa haitaondoka. Mtoto awezaye kukaa mwenyewe afungwe mkanda wake peke yake, mkanda wa chini ukipita juu ya nyonga wala si tumboni, na ule wa juu ukipita begani wala si shingoni. Watoto wawili wasifungwe mkanda mmoja. Mama asijifunge mkanda pamoja na mtoto aliye mapajani, kwani pigo likitokea, uzito wa mama ndio utakaomponda mtoto kwenye mkanda. Mbeleko nayo haikutengenezwa kwa ajili ya gari: mtoto aliyebebwa mgongoni hubanwa kati ya mama na kiti. Inapokuwa hapana njia nyingine kabisa, mama akae nyuma, ajifunge mkanda yeye mwenyewe, na mtoto awe nje ya mkanda huo, na dereva aambiwe aende polepole na asiingie katika barabara za kasi. Hayo ni ya dharura, wala yasigeuzwe kuwa mazoea.

Magari mengi ya teksi katika miji hii ni ya Kijapani yaliyokwisha kutumika, nayo hutoka kiwandani yakiwa na mikanda ya nyuma. Mara nyingi mkanda upo, ila umezama chini ya kiti au umefichwa na kitambaa. Mwambieni dereva autoe. Akisema haufanyi kazi, tafuteni teksi nyingine. Mwombeni pia aifunge ile komeo ndogo iliyo ubavuni mwa mlango wa nyuma, ambayo huuzuia mlango usifunguliwe kutoka ndani. Haya yote yafanywe injini ikiwa bado haijawashwa, maana gari likishaingia barabarani hakuna tena nafasi ya kujadiliana.

Kupanda na kushuka nako kuna utaratibu wake. Wakati wa kupanda, mizigo itangulie na watoto wafuate, mkono wa mtoto ukiwa mkononi mwa mzazi mpaka akae. Wakati wa kushuka, mambo hugeuka: watoto watoke kwanza pamoja na mzazi kwa mlango ulio upande wa pembeni mwa barabara, kisha mizigo, na nauli ilipwe mwisho. Wakiwapo watu wazima wawili, mmoja asishuke mpaka mtoto wa mwisho awe ametoka. Watoto wasisimamishwe nyuma ya gari, kwani dereva anayerudi nyuma hamwoni mtoto mfupi. Na mtoto asiachwe ndani ya teksi hata kwa dakika moja ya kuingia dukani, kwa kuwa dakika hiyo mzazi haioni wala hailindi.

Sasa tunawageukia ninyi hasa, ndugu askari. Cheo chako hakivuki mpaka. Ofisa wa Tanzania akiwa Nairobi au Kampala ni msafiri kama wengine, hana mamlaka ya kumkamata dereva wala kumtisha. Likitokea kosa, apeleke habari kwa polisi wa nchi hiyo. Namba ya simu ya dharura 999 hutumika Kenya na Uganda, na namba 116 ya msaada kwa watoto hutumika Kenya, Uganda na hata hapa Tanzania. Wala si busara kumsimulia dereva kazi yako, kambi yako au mahali familia itakapolala. Mtoto mkubwa kidogo afundishwe jina kamili la mzazi na namba yake ya simu, na mdogo awekewe karatasi mfukoni, ndani ya nguo, si mahali ambapo kila mpita njia ataisoma.

Kwa askari wa usalama barabarani liko funzo jingine kutoka kwa jirani zetu. Katika mwaka 2003 serikali ya Kenya, chini ya Waziri wa Uchukuzi John Michuki, ilitunga kanuni za magari ya abiria, zikaanza kutumika Februari 2004: mkanda kwa kila kiti, vidhibiti mwendo visivyozidi kilomita 80 kwa saa, na madereva wanaotambulikana. Mwanzoni zilifuatwa, baadaye zikalegea, hata Novemba 2018 serikali ikalazimika kuanza upya msako wa kuzisimamia. Kanuni zilikuwa zile zile katika miaka yote hiyo. Kilichobadilika ni usimamizi. Kwa hiyo askari wetu anaposimamisha teksi, asiishie kutazama leseni na taa. Atazame na kiti cha nyuma, aone watoto wamekaa namna gani, na amweleze mzazi kwa upole hatari iliyopo. Maneno machache ya askari yaweza kumfanya mzazi huyo amfunge mwanawe mkanda siku zote.

Jeshini, msafara hauondoki mpaka kamanda amehakikisha kwamba kila gari na kila mtu yuko tayari. Hakuna anayeuona utaratibu huo kuwa ni usumbufu. Familia ndani ya teksi nayo ni msafara, ingawa ni mdogo, na kamanda wake ni mzazi, wala si dereva. Ikiwa kwa ajili ya magari na shehena tunangoja hadi kila kitu kikaguliwe, hatuna sababu ya kuona haya kumwambia dereva wa teksi angoje dakika mbili, mpaka mtoto wa mwisho awe amefungwa mkanda.