Fomu au ana kwa ana: Ipi inatoa ukweli kuhusu pombe na dawa za kulevya?

"Unakunywa pombe?" daktari anauliza.

"Kidogo tu."

Hilo "kidogo" linaweza kuwa hatari. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku akilazwa na kuacha ghafla, anaweza kutetemeka, hata kupata degedege. Daktari asipojua mapema, hawezi kujiandaa.

Ndiyo maana wataalamu hutumia njia mbili kupata jibu: fomu unayojaza mwenyewe, au mahojiano.

Fomu: hakuna anayekutazama

Maarufu ni AUDIT ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Ina maswali 10 na alama 0 hadi 40. Ukifikisha 8, ni dalili kuwa unywaji wako unaweza kukuletea madhara. Inachukua dakika chache tu.

Usiri nao unasaidia. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1998 katika jarida la Science ulihusisha vijana wa kiume wa miaka 15 hadi 19. Waliosikiliza maswali kwa hedifoni na kujibu kwenye kompyuta walikiri kutumia dawa za kulevya zaidi ya waliojaza karatasi.

Lakini fomu haielezi swali usilolielewa. AUDIT huuliza unakunywa vinywaji vingapi kwa siku, na kinywaji kimoja huhesabiwa kuwa na takriban gramu 10 za pombe halisi. Sasa, anayepokezana kata ya mbege na wenzake Moshi atahesabu vipi?

Mahojiano: kuna wa kufafanua

Hapo mhudumu anaweza kuuliza: kata ilikuwa kubwa kiasi gani? Mlikuwa wangapi? Pia asiyejua kusoma haachwi nyuma. WHO ina ASSIST, maswali 8 ambayo mhudumu humuuliza mgonjwa kuhusu tumbaku, pombe, bangi na dawa nyingine.

Tatizo ni aibu na hofu ya polisi. Mhudumu akikunja uso tu, chupa sita zinageuka mbili.

Ipi bora?

Fomu inafaa kuchuja watu wengi haraka. Mahojiano yanafaa kumwelewa mmoja aliyeonyesha dalili. Vituo vingi huanza na ya kwanza, kisha ya pili.

Zote zinategemea kitu kimoja: anayejibu awe na uhakika kuwa siri yake haitatoka nje ya chumba. Na alama si hukumu, zinaonyesha tu nani anahitaji msaada.