Je, Mwili Huzoea Dawa?

Mwanafunzi wa chuo kikuu anaporudi likizo Murongo, mpakani mwa Tanzania na Uganda, jamaa zake humtaka ushauri wa mambo mengi, hata ya dawa. Awe anasoma sheria au uhasibu, neno lake huaminiwa. Kwa sababu hiyo kosa lake huenea upesi.

Kosa moja lililo la kawaida, hata miongoni mwa wasomi, ni kudhani kwamba mtu atumiapo antibiotiki mara kwa mara, mwili wake huizoea. La, wanaobadilika ni bakteria.

Bakteria wa aina ya Escherichia coli, katika mazingira mema, hugawanyika kila dakika 20. Mmoja aweza kuzaa zaidi ya milioni 2 kwa muda wa saa 7. Katika kuzaana huko hutokea wachache wenye vinasaba tofauti, na baadhi yao huweza kuistahimili dawa. Dawa inapowaua wenzao, hao sugu hubaki na nafasi na chakula tele. Tena huweza kuwapa bakteria wengine vinasaba vya usugu.

Tofauti hii ni kubwa. Kama mwili ndio ungezoea, hasara ingekuwa ya mtumiaji peke yake. Lakini bakteria sugu huambukiza. Mtoto ambaye hajapata kumeza kidonge hata kimoja aweza kupata ugonjwa usiosikia dawa.

Kosa la pili ni kutibu mafua kwa vidonge vilivyobaki, vile viitwavyo na wengi "rangi mbili". Penisilini na jamii yake huharibu ujenzi wa ukuta wa seli ya bakteria. Mafua huletwa na virusi, navyo havina ukuta huo. Vidonge hivyo havimponyi mgonjwa. Huua bakteria wasio na madhara tumboni na kuwaacha walio sugu.

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya juu ya vipimo hafifu katika hotuba yake ya Nobel mwaka 1945. Inakadiriwa kwamba mwaka 2019 usugu wa bakteria ulisababisha vifo milioni 1.27 duniani.

Basi msomi akiulizwa dawa, na amwelekeze mgonjwa kwenye zahanati, apimwe, kisha afuate kipimo na siku alizoandikiwa. Bakteria sugu huvuka Mto Kagera bila hati ya kusafiria.