Machakos, mji wa milimani ulioachwa kando na reli

MSAFIRI atokaye Nairobi kuelekea kusini mashariki huwasili Machakos baada ya kilomita 60 na ushei. Mji huo umekaa chini ya vilima vya Iveti na Mua, na jina lake latokana na Masaku, kiongozi wa Wakamba wa karne ya 19.

Wengi wamesahau kwamba hapa palikuwa kituo kikuu cha utawala wa Waingereza bara kabla Nairobi haijawa mji. Reli ya Mombasa ilipopitishwa uwandani, mbali na vilima, makao ya mkoa yalihamishiwa Nairobi mwaka 1899.

Pigo zito zaidi lilikuwa la udongo. Mmomonyoko wa miaka ya 1930 uliviacha vilima vitupu. Wakoloni wakalaumu mifugo na kuanza kuitwaa. Mwaka 1938 Wakamba waliandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, ambaye alikamatwa na kupelekwa Lamu. Hata hivyo, serikali ililegeza msimamo.

Vilima viliokolewa baadaye kwa majembe, hasa ya wanawake wa vikundi vya mwethya, ambao hulimiana kwa zamu. Walichimba matuta ya "fanya juu": udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu wa mteremko, na maji ya mvua huzuiliwa shambani. Wilaya ya zamani, ikiwamo Makueni ya leo, ilikuwa na watu wapatao 240,000 mwaka 1932. Kufikia 1989 walikaribia milioni 1.4, na mmomonyoko ulikuwa umepungua.