Rejista ya Susu Mwalimu

Sogeeni karibu, wanangu. Leo nawasimulia habari za mwalimu mmoja wa kijijini. Jina lake sitalitaja. Walimu kama yeye walikuwa wengi huku Kitui na Makueni, kwa hiyo nimewakusanya nikawafanya mtu mmoja. Watu wazima walimwita Mwalimu, hata shemeji zake. Wajukuu walimwita Susu, kama Wakamba wote wanavyomwita nyanya yao.

"Sasa alikuwa Mwalimu, au alikuwa Susu?"

Hongera kwa kuuliza! Alikuwa yote mawili, na anayejua zaidi yangu ni rejista yake. Rejista ni lile daftari refu la majina ya wanafunzi. Ngoja tuisikilize.

"Mimi ni rejista," ikasema. "Jalada langu limebanduka, na mchwa wamenionja pembeni. Lakini majina yote yamo. Kila asubuhi Mwalimu alinifungua, akaita jina. Mtoto akiitika, 'Niko, Mwalimu!', alichora kistari. Asipoitika, alichora duara. Kistari, kistari, duara. Kistari, kistari, duara. Mwalimu hakupenda maduara."

"Akiona duara alifanya nini?"

"Akiona moja, alinyamaza. Mtoto huumwa tumbo, mtoto hutumwa sokoni. Lakini maduara yakifuatana siku tatu, jioni alifunga kitambaa kichwani akashika njia. Alivuka mto mkavu, akapanda kilima, mpaka nyumbani kwa mtoto. Hakuingia kwa kelele. Alikaa kwenye kigoda, akapokea uji, akauliza habari za mbuzi, akauliza habari za mvua. Kisha akauliza polepole, 'Na mtoto wangu yuko wapi?'"

Mnasikia? Alisema mtoto wangu.

"Kwani shule zilikuwepo tangu zamani?"

Hapana. Zamani watoto wa Ukambani walifundishwa na wazazi na wazee wao tu, nyumbani na malishoni. Mwaka 1895 mmisionari Peter Cameron Scott alifika Nzaui, ambayo leo iko Makueni. Alifariki mwaka uliofuata. Mwaka 1899 wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani wakafungua kituo Mulango, karibu na mji wa Kitui. Shule zikaanza hivyo, moja hapa, moja kule. Wavulana walitangulia. Msichana alibaki nyumbani: maji yachotwe, kuni zitafutwe, mtoto mdogo abebwe mgongoni. Mwalimu wetu alikuwa na bahati ya baba aliyekubali. Alisoma, akaenda chuo cha ualimu, akarudi na boksi la chaki. Angeweza kubaki mjini. Alirudi.

Mwaka 1967 serikali iliunda Tume ya Kuajiri Walimu, ile mnayosikia watu wakiiita TSC. Mshahara ukawa unatoka huko. Mshahara wa nani? Wa Mwalimu? Aa, wanangu! Ulikuwa wa boma zima. Mdogo wa mume alilipiwa karo. Binti wa dada alishonewa sare. Mama mkwe alinunuliwa dawa. Mwalimu mwenyewe alivaa rinda lile lile, akalipiga pasi ya makaa mpaka likang'aa.

"Mimi nawakumbuka watoto wa mwaka 1974," rejista ikadakia. "Mwaka huo nilinenepa! Karo iliondolewa kuanzia darasa la kwanza hadi la nne. Majina yakajaa mpaka Mwalimu akabandika karatasi nyingine kwa gundi."

Ni kweli. Nchi nzima, watoto walioingia darasa la kwanza mwaka ule walikuwa zaidi ya mara mbili ya mwaka uliotangulia. Walikaa wapi? Chini ya mti. Nani alijenga madarasa? Wazazi. Akina mama wa mwethya, yaani vikundi vya kusaidiana kazi, walitoka alfajiri, wakachota mchanga mtoni, wakaubeba kwa magunia, huku wakiimba. Mwalimu alibeba pia. Mchana alifundisha, na vumbi la mchanga bado liko shingoni. Mimi nawaheshimu sana akina mama wale. Shule nyingi mnazoziona Ukambani zilitoka migongoni mwao.

Lakini madarasa yalidai mabati, na mabati yalidai pesa. Karo iliondoka, ikaja pesa ya majengo. Asiyekuwa nayo alirudishwa nyumbani. Maduara yakarudi, na Mwalimu akarudi njiani.

"Na hili doa ni la nini?"

"Una macho makali, mwanangu! Hilo ni doa la maziwa. Yalianza kuletwa shuleni mwaka 1979, wakati wa Rais Moi, katika pakiti ya pembe tatu. Watu waliyaita maziwa ya Nyayo. Siku ya maziwa sikuwa na maduara. Hata wenye homa walikuja."

Sasa fungueni ukurasa wa 1984. Huku kwetu mvua ya kutegemewa ni ile ya Novemba na Desemba. Mvua ya Machi mara nyingi hutudanganya. Basi mwishoni mwa 1983 mvua ilikuwa haba, na ile ya Machi 1984 ikagoma kabisa. Mahindi yalikauka yakiwa bado mafupi. Serikali ikaleta mahindi ya manjano kutoka nje. Wazee bado huyataja, na wengine hukunja uso wakikumbuka ladha yake.

Rejista ikanong'ona, "Ukurasa huo ni maduara matupu. Wengine walihamia kwa ndugu. Wengine walipeleka ng'ombe mbali kutafuta malisho. Na waliokuja walisinzia. Mwalimu hakuwachapa. Alileta sufuria kubwa ya kwake, akapika muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, chini ya mti, akapakua kidogo kidogo ili iwafikie wote. Ndipo akashika chaki."

Mwaka ule palikuwa na msichana mmoja. Baba yake alitaka kumwoza, apate mbuzi wa kuokoa wadogo zake. Baba hakuwa mbaya, alikuwa na njaa. Mwalimu alikwenda, akakataliwa. Akaenda tena. Mwishowe akasema, "Nipe mimi nimlishe. Akimaliza shule nitamrudisha." Msichana akahamia kwa Mwalimu, akalala chumba kimoja na binti zake.

"Kwa hiyo watoto wa Susu walikuwa wangapi?"

Swali gumu hilo! Siku ya mazishi yake walisimama wengi mno, na hakuna aliyeuliza nani wa kuzaliwa na nani wa kulelewa.

"Na alipostaafu alipumzika?"

Mmeuona Mto Kaiti kule Makueni wakati wa kiangazi? Juu ni mchanga mtupu. Mgeni atasema mto umekufa. Lakini mama wa kijiji anajua pa kuchimba, na maji yanatoka. Mwalimu aliyestaafu ndivyo alivyo. Mwaka 2003, karo ya shule ya msingi ilipoondolewa tena na madarasa yakafurika, walimu vijana walimjia jioni: Mwalimu, darasa kubwa hivi nalishika vipi? Akina mama wa chama walimletea vitabu vyao vya hesabu. Wajukuu walimletea kila kitu.

Siku moja ndugu wawili walimjia wakigombania shamba la baba yao. Nusura wapigane. Mwalimu aliwatazama, kisha akaokota kijiti.

"Wewe nilikufundisha kugawanya darasa la tatu," akamwambia mkubwa. "Na wewe pia. Chukueni. Gawanyeni hapa chini, nione."

Wanaume wale, wenye ndevu, walichuchumaa wakachora mipaka mavumbini. Walipokosea aliifuta kwa wayo wa mguu. "Rudieni." Walirudia mpaka ikatoka sawa. Kisha akawapa chai.

Rejista kama hii sijui zimebaki ngapi. Nyingi zimeliwa na mchwa, nyingine zimefungiwa njugu sokoni. Kwa hiyo nina ombi kwenu, wanangu wadadisi. Kama kwenu yupo susu aliyewahi kushika chaki, mwendeeni Jumamosi hii na daftari na kalamu. Mwulizeni alifundisha wapi, alifuata nani nyumbani, alipika nini mwaka 1984. Andikeni majina yote atakayoyataja, na msiruke hata moja.