Hela za Masoko: Kuwatembeza Watoto kwenye Boma la Mjerumani

Boma la Masoko limesimama ukingoni mwa ziwa dogo la duara, kando ya barabara inayopanda kutoka Ipinda, wilayani Kyela, kuelekea Tukuyu. Ziwa hilo huitwa Kisiba, ingawa wengi hulijua kwa jina la Masoko. Lilitokea pale volkano ilipolipuka na kuacha shimo, na tope la chini yake limewapa watafiti kumbukumbu ya hali ya hewa ya miaka 45,000 hivi. Ngome ya mawe iliyo juu yake ni changa mno ukilinganisha. Wajerumani waliijenga miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kwa ajili ya Kombania ya Tano ya jeshi lao la kikoloni, baadaye ikashikwa na Waingereza, kisha ikageuzwa kuwa mahakama.

Watoto wengi hawavutwi na kuta. Huvutwa na kitu cha kushika mkononi, na Masoko kitu hicho kipo: sarafu za Kijerumani zinazookotwa pembeni mwa ziwa, ambazo mara nyingi wageni huonyeshwa na watoto wa kijijini. Ziara njema huanzia hapo. Sarafu ndogo ya shaba iliitwa heller, na ndiyo iliyozaa neno “hela” ambalo mtoto yeyote hulitamka akiomba ya pipi. Hadi mwaka 1904 rupia moja ya koloni iligawanywa katika pesa 64. Kuanzia mwaka huo ikawa na heller 100. Maneno yote mawili, pesa na hela, yamebaki midomoni mwa watu ilhali serikali iliyotoa sarafu hizo imeondoka zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Mtoto anayejua kusoma apewe muda wa kuichunguza sarafu mwenyewe. Upande mmoja kuna taji na mwaka. Herufi ndogo A maana yake imepigwa Berlin, na J ni Hamburg. Baadhi ya zile za heller 5 na 10 zina tundu katikati.

Baada ya hapo ndipo swali kubwa linapoingia: watu walizipata wapi hela hizi, na kwa nini walizihitaji? Kuanzia mwaka 1898 serikali ya Kijerumani ilitoza kodi ya nyumba, ambayo vijijini ilikuwa rupia 3 kwa mwaka. Kwa hesabu ya darasa la nne, hizo ni heller 300. Mkulima aliyekuwa na ndizi, ng’ombe na shamba lake hakuwa na rupia, hivyo ilimbidi auze mazao au akafanye kazi ya mzungu. Aliyekosa kulipa aliweza kulazimishwa kufanya kazi. Mtoto akilishika jambo hili, boma huacha kuwa jengo la kale tu. Huuliza nani alibeba mawe, na kwa malipo gani. Aelezwe pia kwamba maofisa walikuwa Wajerumani, lakini askari wengi walikuwa Waafrika. Kuficha hilo ni kumpa nusu ya historia.

Ipo simulizi mashuhuri kwamba Wajerumani, walipozidiwa vitani, walitupa hazina na silaha ziwani. Watoto wataipenda, na hakuna ubaya kuisimulia, mradi waambiwe kuwa ni simulizi. Kununua sarafu hapo si jambo la kuhimiza, kwa kuwa kila inayonunuliwa huwashawishi watoto wengine kuingia majini kutafuta nyingine, na kingo za ziwa hilo ni za mteremko mkali. Wadogo washikwe mkono wakati wote. Na kwa kuwa jengo ni mahakama, huombwa ruhusa kwanza na sauti hupunguzwa.

Kutoka Masoko, barabara ya kurudi Ipinda huendelea hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Hapo watoto huona upande mwingine wa kipindi hicho. Wamisionari wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, waliingia Unyakyusa mwaka 1891, na mwaka 1893 walifungua kituo Ikombe, chini ya Milima ya Livingstone. Ikombe ni kijiji cha Wakisi, ambao wanawake wao hufinyanga vyungu vinavyouzwa gulioni Lyulilo, jirani na Matema. Ufundi huo ulikuwepo kabla ya mmisionari kufika, na bado upo.

Mwambao huohuo ndipo ilipokuwa Langenburg, makao ya kwanza ya serikali ya Kijerumani kabla hayajahamishiwa Tukuyu. Meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilianza kazi ziwani mwaka 1893. Tarehe 13 Agosti 1914, ikiwa nchi kavu kwa matengenezo huko Liuli, ilishambuliwa na meli ya Waingereza, Gwendolen, iliyoongozwa na nahodha Rhoades. Nahodha Mjerumani alikuwa rafiki yake na hakuwa na habari kwamba vita vimeanza. Mtoto akiuliza meli iliishia wapi, jibu lipo: Waingereza waliichukua na kuipa jina la King George V.